Kioo cha Tatu

Macho hayana pazia, husema watu, na wengi husema hivyo ili aliyetazama asilaumiwe. Katika duka la Tarsis usemi huo ulisimama kichwa chini, miguu juu: pazia ndilo lililokuwa na macho, na macho hayo yalikaa ndani ya katoni ya hotipoti.

Fortunata hakulijua hilo Ijumaa ile asubuhi, alipopiga magoti chini ya kaunta huku nyaya zimemzunguka shingo na baba yake mdogo amemsimamia kichwani.

"Kompyuta moja, vioo vitatu," Tarsis alisema. "Haitachoka?"

"Haichoki, Baba mdogo. Nyuma ina matundu matatu. Kila kioo na tundu lake."

"Maana Gaudens anavyo vitatu, na sijasikia akilalamika."

"Basi na wewe hutalalamika."

Gaudens alikuwa na duka la vyombo kama hilo, ng'ambo ya Mtaa wa Sikukuu, na kwa miaka kumi na miwili Tarsis alikuwa akiishi kwa kumchungulia. Gaudens akiweka marumaru, Tarsis naye marumaru. Gaudens akinunua mlango wa vioo, wa Tarsis unakuja wiki inayofuata, mnene zaidi. Mwezi ule Gaudens alikuwa amepanga vioo vitatu vya kompyuta kwenye kaunta yake, na wateja wa jumla kutoka Morogoro na Ifakara walikuwa wakimwambia Tarsis usoni kwamba kule ng'ambo mtu akiingia anadhani ameingia benki.

Kwa hiyo Tarsis alileta vitatu, vilivyotumika, vya Dubai. Viwili vya kawaida na cha tatu kipana kama meza ya chakula. Cha kwanza kingekuwa cha mauzo, mbele ya mkewe Candida anayekaa kwenye droo ya fedha. Cha pili cha kamera za ulinzi, ambazo mpaka siku hiyo zilikuwa zikionekana kwenye simu ya mtoto wao Hillary peke yake. Cha tatu kingegeuziwa mlango, kiwaonyeshe wapita njia picha za masufuria na chupa za chai.

Fundi wa kazi yote hiyo alikuwa Fortunata, miaka ishirini na mitatu, mwenye stashahada ya kompyuta, binti wa marehemu kaka yake Tarsis. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa "mtoto wa nyumbani": analala kwao ghorofa ya nne juu ya duka, anakula kwao, anapiga deki kwao, na mwezi uliofuata, Oktoba, Tarsis alikuwa ameahidi kumlipia ada ya shahada. Mbele ya wateja alimwita "mtaalamu wangu". Mezani, akimsogezea bakuli la mboga, alimwita "huyu niliyemtoa Rombo".

Vioo vikawaka. Tarsis akafurahi, halafu akakunja uso.

"Mbona vimefanana? Nimenunua vitatu nitazame kitu kimoja mara tatu?"

"Ngoja. Ni kama nyumba ya vyumba vitatu. Sasa hivi mgeni mmoja anaonekana vyumba vyote. Nikibonyeza hapa, kila chumba kinapata mgeni wake, na mimi naweza kumtoa mgeni chumba hiki nikamhamishia kile."

Alibonyeza. Akalishika kwa mausi dirisha lenye picha za masufuria, akalivuta mpaka ukingoni, lakini likagota pale pale kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

"Limekwama," Tarsis alisema, na sauti yake ilikuwa na raha kidogo.

"Halijakwama. Kompyuta inadhani kioo cha tatu kiko kushoto, na sisi tumekiweka kulia. Yenyewe haioni vimekaaje. Mpaka uiambie."

Aliiambia. Dirisha likavuka, likatoka kioo cha kwanza, likapita cha pili, likatua cha tatu, na masufuria yakang'aa kuelekea barabarani. Kuli mmoja aliyekuwa amebeba gunia alisimama kuyatazama.

"Eeh!" Tarsis alipiga makofi. "Gaudens hana fundi kama huyu. Tena yeye alilipa!"

Zikabaki kamera. Hizo zilitaka neno la siri, na neno la siri alikuwa nalo Hillary, na Hillary alikuwa bandarini tangu alfajiri akifuatilia kontena. Walimpigia mara tatu, hakupokea. Hapo Tarsis akakumbuka kitu, akaingia stoo, akarudi akiwa amekumbatia boksi tupu la mashine ya kurekodi. Fundi aliyeifunga mwaka juzi alikuwa ameliandika neno lile juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito. Hillary alijihadhari na mengi, ila alimsahau baba yake: mfanyabiashara wa Kariakoo hatupi boksi.

Fortunata aliandika herufi zile moja moja. Tarsis alikuwa ameshaenda mlangoni kumwita mtu aje aone.

Nyumba nzima ilijua kuna kamera saba. Kioo cha pili kilionyesha visanduku vinane.

Mwanzoni hakukitambua kile cha nane. Aliona ukuta, misumari, nguo zinaning'inia. Kisha akaona sweta ya bluu. Ilikuwa yake. Kando yake mkoba wake wenye zipu mbovu, na nyuma ya vyote hivyo khanga ya Candida iliyochujuka, ile iliyotundikwa kwenye kona ya stoo iwe pazia, ikionekana kwa upande wa ndani.

Khanga ikasogea. Akaingia Moza, mmoja wa wauzaji wawili, mwenzake akiwa Angelina, mbiombio kwa sababu alikuwa amechelewa. Akaweka mfuko chini, akapeleka mikono nyuma ya kichwa, akaanza kuchomoa pini za ushungi.

Fortunata alikizima kioo kwa kiganja, kama mtu anayepiga mbu.

Alibaki amekishika. Aprili, Hillary alikuwa amesimama pale pale kwenye kaunta akatangaza amri mpya: sare za duka, zile fulana za rangi ya machungwa, zisitoke nje. Wasichana waje na nguo zao, wabadilishie stoo asubuhi, na jioni wavue waache. "Mnazichakaza mitaani," alisema. Tarsis akamsifu kwa kujali mali. Candida mwenyewe ndiye aliyetoa khanga ya pazia.

Alipokiwasha tena kona ilikuwa tupu. Akatafuta ndani ya mashine orodha ya waliotazama. Ilikuwepo, ndefu, mstari mmoja mmoja: simu ya Hillary, kamera ya nane, saa moja na nusu asubuhi. Simu ya Hillary, kamera ya nane, saa kumi na mbili jioni. Siku sita za juma. Jumapili hapakuwa na kitu, kwa kuwa Jumapili duka hufungwa na Hillary huimba kwaya.

*

"Hotipoti zinaibwa," Tarsis alisema.

Fortunata alikuwa amemwonyesha kisanduku, amemwonyesha na orodha. Tarsis alitazama kioo, akatazama kifuniko cha boksi, akatazama tena kioo, kama vile kosa lilikuja ndani ya boksi.

"Hotipoti haiingii ndani ya ushungi, Baba mdogo."

"Vijiko vinaingia. Hillary aliniambia ataongeza ulinzi stoo. Stoo ni stoo."

"Pale tunavua nguo."

"Nani kawaambia mvue pale?"

"Kaka Hillary. Na wewe ulikuwepo, ukasema safi sana mwanangu."

Tarsis alisugua shingo. Nje, yule aliyeitwa kuja kuona vioo alikuwa akipiga hodi kwa mzaha. "Tajiri! Tuingie kwenye benki yako?"

"Ondoa hicho kisanduku," Tarsis alisema kwa sauti ya chini. "Nitaongea naye mwenyewe. Mambo ya wanaume haya."

"Utaongea naye lini?"

"Fortunata." Alipomtaja kwa jina zima maana yake mazungumzo yamekwisha. "Kesho Jumamosi, wateja wanajaa. Usinichafulie siku. Na Oktoba si ndiyo hiyo inakuja?"

Fortunata alikiondoa kisanduku machoni, hakukiondoa ndani ya mashine. Akaenda kwa Candida, aliyekuwa kwenye droo yake na kikombe cha chai ya tangawizi. Alimweleza kwa kumnong'oneza. Candida alisikiliza kikombe kikiwa hewani.

"Mimi huwa sibadilishi nguo pale," alisema kwanza, haraka, kama mtu anayejipapasa mfuko akisikia mwizi kapita.

"Sikuulizi wewe, Mama mdogo. Nakuambia sisi."

"Nimesikia." Aliweka kikombe. "Desemba tunaoa, Fortu. Watu wa Machame wameshapokea barua. Sasa neno kama hili likitoka, nani atabeba aibu? Hillary ni kijana, vijana wana upuuzi wao, ataacha akishapata mke. Mambo ya ndani yakae ndani."

"Hata tukivuliwa?"

"Hakuna aliyekushika, mwanangu. Kakugusa? Hajakugusa. Mshukuru Mungu kwa hilo."

Fortunata hakumshukuru Mungu kwa hilo. Alimngoja Moza atoke kuchota maji ya kunywa kwenye dumu nyuma ya ngazi, akamfuata.

Moza alikuwa mtu wa Lindi, mke wa Nassibu anayekaanga samaki Feri, mama wa mtoto wa mwaka mmoja. Alikuwa mcheshi, ndiye aliyewapachika makuli wote majina. Alilisikia lile neno huku kikombe kinajaa, kikafurika, maji yakamwagikia kandambili.

"Tangu lini?"

"Aprili."

"Aprili nilikuwa nanyonyesha." Alifunga bomba la dumu taratibu. "Mchana nilikuwa naingia pale kukamua maziwa, Fortu. Kila mchana."

Fortunata alimpokea kikombe.

"Nimwambie Nassibu?" Moza alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa chake. "Ataniuliza kwa nini nilivua. Hatamuuliza yule kwa nini alitazama. Namjua mume wangu."

"Baba mdogo anasema ataongea naye."

"Aongee naye nini? Ampongeze kwa kujali mali?"

"Dada Moza. Nikifanya jambo, utanikasirikia?"

"Jambo gani?"

Fortunata alimweleza. Halikuwa refu. Moza alisikiliza akikausha mguu mmoja kwa mwingine.

"Mimi nionekane?"

"Usionekane wewe, wala Angelina, wala mimi. Hata kidole."

"Basi fanya," Moza alisema. "Na usije ukarudi kuniuliza tena, nisije nikaogopa."

Jioni ile wasichana watatu walitoka dukani na sare zao zimekunjwa ndani ya mikoba, kinyume cha amri. Fortunata alitoka wa mwisho. Ile katoni ya hotipoti iliyoficha kamera ilikaa juu kabisa ya shehena, imetobolewa tundu la ukubwa wa kidole, na ubavuni imeandikwa HILLARY, ISIGUSWE. Aliigusa. Aliisukuma kidogo tu, mpaka tundu likaelekea ukutani na nguo zikabaki pembeni.

*

Jumamosi wateja walijaa kweli. Malori ya mikoani yalikuwa yamepanga foleni tangu Msimbazi, na makuli walikuwa wakipishana mlangoni kwa matusi ya kirafiki. Kioo cha tatu kilifanya kazi yake: watu walisimama, wakatazama sufuria zinazogeuka zenyewe, wakaingia. Ng'ambo, Gaudens alitoka mara mbili kuja kutazama kutoka ukingoni mwa barabara, na mara zote mbili Tarsis alimpungia mkono.

"Mambo, jirani! Umeona?"

"Nimeona. Kikubwa."

"Inchi nyingi hizo!"

Hillary aliingia saa nne, amevaa miwani ya jua na simu mkononi. Alisalimia wateja kwa majina, akamshika bega Fortunata. "Dogo, umetisha. Mzee ananiambia umefunga kila kitu. Na kamera je?"

"Nimeweka saba," alisema Fortunata.

"Safi. Saba ndizo zilizopo." Alitazama simu yake, akaitazama tena karibu. Kisha akawatazama Moza na Angelina, ambao walikuwa tayari kwenye sare. "Mmebadilisha saa ngapi nyie?"

"Mapema, bosi," alijibu Moza, akimpimia mteja bakuli kwa macho.

"Mbona stoo imevurugwa? Nani kapanga mzigo?"

Hakungoja jibu. Akapita nyuma ya kaunta, akaingia stoo, akaufunga mlango.

Fortunata alishika mausi. Alikuwa amelificha dirisha la kamera ya nane chini ya mauzo tangu asubuhi. Alilifungua, akalishika kwa juu, akalivuta kama alivyofanya Ijumaa mbele ya baba yake mdogo: likatoka kioo cha kwanza, likapita cha pili, likatua cha tatu juu ya masufuria. Akalipanua likajaa.

Kwa muda hapakuwa na kitu ila ukuta na misumari. Halafu picha ikatikisika, na uso wa Hillary ukajaa kioo kizima, ulimi umebanwa pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Alikuwa ameisogelea katoni akiigeuza. Jicho lake lilikuwa kubwa kama sahani.

Wa kwanza kuona alikuwa Mama Selina wa Ifakara, mteja wa miaka, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto.

"Fortu, hilo ni tangazo la bidhaa gani?"

Watu wakacheka. "Si Hillary huyo?" "Anatangaza meno!" Makuli wakaweka mizigo chini. Wapita njia wakaona watu wanacheka, nao wakaongezeka. Tarsis, aliyesimama mlangoni amekipa kioo mgongo, alitabasamu kwa umati, akidhani ni wa sufuria.

Juu ya kioo Hillary alirudi nyuma hatua mbili. Akatazama simu. Hakuridhika. Akasogeza nguo zilizotundikwa, dera la Angelina lililosahaulika tangu wiki iliyopita na sweta ya bluu, akazitundika kwenye msumari wa mbali ili zisizuie. Akasimama katikati, mahali wanaposimama wasichana. Kisha akainua mikono yote miwili juu, taratibu, kama mtu anayevua blauzi kwa kichwani, macho yake yakiwa kwenye simu, akipima kama mikono inaingia kwenye picha.

Kicheko kilikatika hapo hapo.

"Yesu na Maria," alisema Mama Selina, na safari hii hakupaza sauti. "Pale si ndipo mabinti wanapovalia?"

Angelina alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Simu za watu zikaanza kunyanyuka, moja, nyingine, msitu. Ndipo Tarsis akageuka.

Alikimbia kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alijitupa nyuma ya kaunta, akashika waya, akachomoa. Kioo cha kwanza kikafa, cha mauzo, na hesabu ya mteja ikazimika katikati. Akachomoa mwingine. Kikafa cha pili.

"Zima!" alimfokea Fortunata. "Zima hicho!"

Fortunata alisimama, mikono kifuani, akamtazama anavyohangaika na nyaya. Juu ya kioo kipana Hillary alikuwa sasa amepata anachokitaka. Aliiambia simu yake kitu na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Candida ndiye aliyekifunika. Alivua khanga mabegani, akaitupa juu ya kioo, akaishikilia kwa mikono miwili huku uso wake umeelekea umati, na nyuma ya maua ya khanga mwanawe aliendelea kuonekana, hafifu, akijifuta vumbi.

Mlango wa stoo ukafunguka. "Vipi?" aliuliza Hillary. "Mbona kimya hivi?"

Mama Selina aliweka chini mabakuli aliyokuwa amechagua, moja juu ya jingine. "Mzigo wangu nitachukua kwa Gaudens," alisema, akawapita.

*

Saa nane mchana duka lilifungwa, Jumamosi, jambo ambalo halikufanyika hata mwaka wa msiba wa kaka yake Tarsis. Tarsis aliwaita Moza na Angelina, akawaambia waende nyumbani mpaka hali itulie, na walivyoelewa wote ni kwamba hali haitatulia.

"Sisi tumefanya nini?" aliuliza Angelina.

"Sijasema mmefanya. Nasema jina la duka limechafuka na nyie mmo."

Candida alikuwa na macho mekundu, lakini alikuwa bado mke wa mwenye duka. "Sare ziacheni," alisema. "Ni mali ya duka."

Moza alishika upindo wa fulana yake ya rangi ya machungwa. "Nivulie wapi, mama?"

Candida aliivuta droo ya fedha. Akaifunga.

Moza alitoka nayo mwilini, akavuka barabara katikati ya malori, na hakuna aliyemdai.

*

Jumapili, Fortunata alimpigia Moza simu kabla ya misa.

"Nassibu ameiona ile video," alisema Moza. "Kila mtu Feri ameiona. Ameniuliza."

"Kakuuliza nini?"

"Nilivyokuambia."

Kwa nyuma mtoto alikuwa akilia.

"Dada Moza, mimi..."

"Usianze. Ulinionya, nikasema fanya. Kazi yenyewe ningeiacha kesho yake. Ni vile tu wameniwahi." Alivuta pumzi. "Na hivyo vilivyomo kwenye simu ya Hillary?"

"Mashine hufuta kila baada ya wiki. Simu sijui."

"Simu haifuti," alisema Moza, akakata.

Baada ya misa walikaa sebuleni ghorofa ya nne: Tarsis kwenye kochi la mtu mmoja, Candida kando yake, Hillary kwenye kochi refu na shati lake la kwaya. Fortunata alipewa kigoda. Kutoka pale aliona kibaraza, na kwenye kibaraza ile ndoo ya rangi ambamo Candida alikuwa amepanda masale, ule mmea wa kuombea radhi, aliyoyatoa kwao Rombo. Jani moja lilikuwa limekatwa. Tone la utomvu lilikuwa bado bichi.

"Watu wa Machame wamepiga simu," alianza Tarsis. "Sisemi walichosema. Miaka ishirini na mitano nimejenga jina hapa mjini. Nimeanza na beseni kichwani. Umelibomoa kwa dakika tatu, kwa kompyuta niliyoinunua mimi, kwa elimu niliyoilipia mimi."

"Nilikuja kwako kwanza, Baba mdogo. Ijumaa."

"Nikasema nitaongea naye!"

"Uliongea naye?"

Tarsis alimtazama mwanawe. Hillary alikuwa akichezea kifungo.

"Mimi nakubali nilikosea kidogo," alisema Hillary. "Ila dogo, kunianika mbele ya mkoa mzima? Ungeniita pembeni. Mimi ni kaka yako."

"Ni kweli. Na sweta ile ni yangu."

"Wewe sikukuangalia, aisee. Wewe ni ndugu. Ukiingia wewe nilikuwa nazima."

Alilisema kama zawadi. Hata Candida aliinamisha kichwa.

"Basi," alisema Tarsis. "Sisi si watu wa mahakamani. Tuna desturi zetu. Mama Hillary, mpe."

Candida aliinuka. Alikuwa amelifunga lile jani la isale kifundo kimoja, vizuri, kama alivyofundishwa na mama yake. Kila mtu chumbani alilijua: ukipelekewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama umeuliwa ng'ombe, hata kama umeuliwa mtu. Alimwekea Fortunata mkononi, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Mpelekee kaka yako, mwanangu," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliokaribia kumshinda Fortunata. "Kisha baba yako mdogo. Neno moja tu, yaishe. Ada yako ipo. Mama yako kule asisikie lolote."

Hillary alikaa wima kwenye kochi. Alikuwa ameshaweka uso wa kusamehe.

Fortunata alilitazama jani. Lilikuwa baridi na zito kuliko lilivyoonekana. Alimfikiria mama yake, Rombo, ambaye alikuwa ameshawatangazia jirani kwamba mwanawe anaingia chuo kikuu, ambaye angelia na pengine angempa Tarsis haki. Akainuka, akaenda mpaka kwa Hillary, na Candida akashusha pumzi.

Alimwekea jani juu ya goti.

"Mpelekee Moza," alisema. "Anakaa Mbagala, ukiuliza mke wa Nassibu utaonyeshwa. Ukitoka hapo mpelekee Angelina. Ukitoka kwa Angelina ndiyo urudi kwangu, uniletee na mimi langu. Masale yapo ndoo nzima."

Jani liliteleza, likaanguka kwenye zulia. Hillary hakuliokota. Alimtazama baba yake.

"Unajua unachokitupa?" Tarsis aliuliza. Hakufoka. "Ukitoka kwenye mlango huo hakuna Oktoba. Hakuna chumba. Nitamwambia mama yako mwenyewe."

"Mwambie. Mwambie yote, usiruke kamera." Alikuwa ameshauchukua mkoba wake, ule wenye zipu mbovu, nyuma ya kigoda. "Kamera ya nane nimeing'oa, ninayo, na orodha ninayo. Moza siku akitaka kwenda polisi ataikuta kwangu. Neno jipya la siri la zile saba nimekuandikia pale pale, juu ya kifuniko cha boksi."

"Fortu," Candida alisema. Alikuwa amepiga magoti akiliokota jani. "Neno moja tu. Hata ukilisema bila moyo."

"Sina neno, Mama mdogo."

"Tunakungoja," alisema Tarsis.

"Mtangoja sana. Siombi radhi."

"Hata kwangu mimi niliyekulisha?"

"Hata kwako. Siombi."